Pale Ilipokuwa Ngazi ya Mama

Mahabusu alikuwa anachora ngazi kwa kidole.

Chaki hana, penseli hana. Vyote vilibaki kaunta pamoja na mkanda na kamba za viatu. Kwa hiyo alilowesha kidole ndani ya kikombe cha maji akachora kwenye saruji ya sakafu, na upande huu ukikauka, yeye yuko upande ule analowesha tena. Sajini, mwanamke wa makamo, alisimama mlangoni akimtazama. Pale kituoni walimwita Kobe, kwa sababu kesi ambayo wenzake waliimaliza kabla chai haijapoa, yeye aliizunguka mpaka wakamsahau, na kwa sababu goti lake la kushoto lilistaafu kabla yake.

"Hayo maji unakunywa au unayachorea tu?" aliuliza.

"Nachorea tu, afande."

"Basi nichoree. Nieleze kama unamweleza mtu aliyeona ngazi jana kwa mara ya kwanza."

Mahabusu, fundi seremala, akasogea ampishe. Alikuwa mtu mrefu, mikono mikubwa, na tangu alale humo ndani mabega yalikuwa yamemshuka kama nguo iliyoanikwa vibaya. Kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu kujibu kwamba uzembe wake ulimuua mama mwenye nyumba. Kila mtu kituoni alishaona ni jambo lililokwisha. Shimo lilionekana, maiti ilionekana, na aliyeliacha shimo ni huyu.

"Nyumba yenyewe ndogo, ya zamani," fundi alianza. "Ngazi yao ilikuwa hapa katikati, imesimama wima kama ya kupandia darini. Kidato hakitoshi mguu. Ukishuka, unashuka kinyumenyume kama kinyonga. Mama alishateleza si mara moja. Binti yake akasema, mama atatuvunjikia, tutafutie ngazi ya mtu mzima. Sasa ngazi ya taratibu inataka urefu, afande. Ukitaka mguu usiinuke sana, lazima uitandaze, na nyumba haina pa kuitandazia. Ningeiweka palepale, mtu angeshuka akajikuta barabarani."

"Ukafanyaje?"

"Nikaihamisha. Nikaiegemeza ukuta wa nyuma. Inapanda kidogo, inafika kituo, mama anapumua, inakata kona, inamalizia juu. Pale kwenye kona kulikuwa na boriti ingemgonga mtu paji la uso, nikairudisha ngazi nyuma kidogo. Na sikukata ubao mpaka mama ameitembea."

"Ameitembea vipi na haijajengwa?"

"Kwa chaki. Naichora ngazi nzima ukutani na sakafuni, kwa ukubwa wake, halafu mwenye nyumba anatembea juu ya mistari. Ndivyo nifanyavyo kwa kila mtu. Mama aliitembea. Akaisifu. Lakini akaniambia, 'Fundi, macho yangu yamekubali, miguu bado. Miguu inajua kulekule.'"

Kobe akaufuata mchoro kwa macho.

"Na shimo la ngazi ya zamani?"

"Nililifunika kwa mbao nene, zile nilizozitoa kwenye ngazi yenyewe. Nikazilaza juu ya shimo zipite huku na huku, nikazipigilia misumari mirefu kwenye boriti. Hata ng'ombe angesimama pale. Nilikuwa nasubiri boriti mpya zifike nijenge sakafu ya kweli."

"Polisi hawakukuta mbao. Walikuta shimo, mkeka na mama."

"Najua," fundi alisema. Mchoro wake ulikuwa umekauka wote. Safari hii hakulowesha kidole tena. "Nimesema mpaka nimechoka. Sasa hivi nikijisikia nasema, na mimi naanza kutojiamini."

*

Kaka wa yule binti, mtoto wa kiume wa marehemu, alikuwa kinyozi, na mdomo wake ulizoea kwenda sambamba na mkasi. Alimpokea Kobe mlangoni na hakunyamaza mpaka wakafika juu.

"Angalia mwenyewe, afande. Hii ndiyo kazi ya yule mtu. Unatoa ngazi, unaacha shimo, unatupia mkeka! Mkeka! Hata kuku hafunikiwi shimo kwa mkeka. Mama kaamka alfajiri, kaenda kule alikozoea kwenda maisha yake yote, kakanyaga, basi. Mimi nililala chini. Nilisikia kishindo, nikadhani ni kabati limeanguka."

"Wewe ndiye ulifika wa kwanza?"

"Wa kwanza mimi. Dada alikuwa juu, aliposhuka akazimia. Sikutaka aangalie."

"Na sebule ya chini ngazi ikitoka inakuwa kubwa," Kobe alisema, huku akijishusha sakafuni goti moja moja, akiguna. "Mtu anaweza kuweka viti vya kunyolea. Na kioo kirefu."

Kinyozi alisita. "Nani kakwambia?"

"Majirani wana midomo, baba. Wanasema ulishachagua mpaka rangi ya ukuta."

"Sasa kutaka mahali pa kazi ndiyo kuua mama yako?"

"Sijasema hivyo. Wewe ndiye umesema." Kobe alilala kifudifudi pembeni mwa shimo, akaingiza kichwa. "Nishikie miguu. Nikianguka na mimi, mtasema ni fundi."

Kinyozi akamshika vifundo vya miguu. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

Kobe aliwasha tochi. Kwanza alitafuta juu, kando ya shimo. Matundu ya misumari yalikuwapo, mapana, yamekwenda chini ndani ya boriti. Fundi hakusema uongo. Palikuwa na kitu kizito kimepigiliwa hapa. Tena misumari haikung'olewa kwa hasira. Kando ya kila tundu sakafu ilikuwa na alama ya kubonyea, laini, yenye nyuzi za kitambaa. Aliyeng'oa aliweka kitambaa kilichokunjwa chini ya kichwa cha nyundo ili asiichubue sakafu.

*Mwizi wa mbao hawekei sakafu kitambaa,* Kobe aliwaza. *Wala mwuaji.*

Akashusha tochi. Ndani ya shimo, chini kidogo ya usawa wa sakafu, kulikuwa na vijiti vyembamba vya mbao vimegongomelewa pande zote kuzunguka shimo, kama pindo. Kimoja kilikuwa kimening'inia kwa ncha. Misumari yake ilikuwa midogo, ya kutundikia picha. Na juu ya vile vijiti kulikuwa na unga mweupe.

Akagusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Chokaa ya bodi ya dari.

"Vuta," alisema.

Kinyozi akamvuta. Kobe alikaa akajifuta mashavu, akamwangalia kwa upole, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyejipaka sukari midomoni.

"Ule mkeka uko wapi?"

"Nimeukunja. Uko pale."

Kobe akaukunjua, akaugeuza. Upande wa chini ulikuwa mweupe kama umelala kwenye unga. Aliukunja tena polepole.

"Hapa hapakuwa na mkeka peke yake," alisema. "Palikuwa na bodi ya dari, imekaa juu ya vijiti, imelingana na sakafu. Ilivunjika. Vipande vilikuwa chini na mama yako, na polisi hawakuvikuta. Aliyefika wa kwanza ni wewe. Umevipeleka wapi?"

Kinyozi aligeukia shimo.

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Na wewe hata viatu hukuvaa."

"Nilitupa," alisema mwishowe. "Kwenye shimo la taka. Ni mimi, afande. Mimi niling'oa zile mbao, mimi niliweka bodi. Nilitaka mbao zangu za rafu. Niandike mimi, tumalize."

"Uliikata kwa kitu gani?"

"Kwa... msumeno."

"Uliipimaje?"

"Kwa macho."

Kobe akatikisa kichwa. Ile bodi ilikatwa na mtu aliyepima. Kwenye kile kijiti kilichoning'inia, alichokinyofoa na kukitia mfukoni, palikuwa na mstari wa kukatia. Hakuutoa kumwonyesha. Aliinuka kwa kushikilia ukuta.

"Dada yako yuko wapi?"

"Mwache dada." Sauti ya kinyozi ilibadilika, ikawa ya chini. "Afande. Mama yangu. Nakuomba kama mzazi wangu, mwache dada."

Hapo ndipo Kobe alipojua, na hakufurahi. Amezunguka maisha yake yote akitafuta watu waovu, na amewapata wengi. Siku ile alitamani sana apate mmoja. Kinyozi mwenye tamaa ya sebule angemfaa kabisa.

"Kuna mtu amefungwa," alisema.

"Atatoka. Watampa kifungo kidogo, mimi nitawaangalia wanawe, wallahi nitawaangalia, nitawanyoa bure mpaka waote mvi—"

"Kuna mtu amefungwa," Kobe alirudia, akaanza kushuka.

*

Dada mtu alikuwa fundi cherehani. Kijichumba chake cha kushonea kilikuwa chini kule nyuma, na kilijaa vitambaa mpaka dirishani. Alikuwa anashona. Hakuwa na haraka wala hakuwa akiangalia anachoshona. Mguu ulikuwa unakanyaga wenyewe.

"Karibu, mama," alisema. "Samahani, sikuja kituoni. Walisema nije nikipata nguvu."

"Pole sana, binti yangu. Usinyanyuke."

"Mmemkamata kweli yule fundi?"

"Tumemkamata."

"Alikuwa mtu mzuri," dada alisema, na cherehani ikanyamaza. "Lakini aliikata vibaya ile boriti ya pembeni. Kaka ameniambia. Boriti iliachia, na kila kitu kikaenda na mama. Nimemchukia, kisha najionea haya. Hata chakula chake nilikuwa namwekea mimi."

Kobe alitazama kando. Kaka alikuwa ameshuka nyuma yake, amesimama mlangoni, anamtikisia kichwa kwa nguvu bila sauti.

Palikuwa na meza ya kukatia nguo, pana, imefunikwa shuka mpaka chini. Kobe akaegemea meza ile kupumzisha goti, na ikamjibu kwa uzito usio wa meza ya kawaida. Akainua ncha ya shuka. Mbao nene, zimepangwa vizuri pamoja, kingo zake zimelainika katikati kwa nyayo za miaka mingi. Ni vidato. Na kila ubao una matundu mapana ya misumari mirefu.

"Meza nzuri," alisema.

"Ya zamani ilikuwa inayumba. Nilipotoa zile mbao juu, nikaona zisipotee bure. Tena ni za ngazi yetu, afadhali nizikatie juu yake kuliko kuzichoma." Dada alimwangalia kaka yake mlangoni, akashangaa uso wake. "Kaka, una nini?"

"Ulizitoa wewe," Kobe alisema taratibu.

"Eeh, mimi. Zilikuwa zimeinuka juu ya sakafu, mama. Kingo hivi." Alionyesha kwa vidole, unene wa kiganja. "Na mama miguu alikuwa anaiburuta. Alijikwaa pale akaangukia magoti, nikamwinua mimi. Nikamwambia fundi, akasema atazichonga boriti zikija. Zisipokuja? Mtu mzima akivunjika nyonga si ndio basi? Nikasema ngoja nitengeneze mwenyewe."

"Ukatumia nini?"

"Ile bodi iliyobaki ya dari. Nene vilevile, tena imenyooka." Alikuwa anaeleza sasa kama mtu anayeeleza gauni, mikono inakwenda hewani. "Nikapima shimo, nikagonga vijiti pembeni, nikaikata iingie ndani kabisa, ilingane na sakafu. Hakuna kingo hata kidogo. Ungepitisha kiganja usingejua ilipoanza. Halafu nikatandika mkeka, maana mama alikuwa akiona pale analia. Anasema mmenizibia njia yangu kama kaburi."

Kobe alitoa kijiti mfukoni akakiweka mezani. Mstari juu yake ulikuwa wa buluu, mwembamba kama unywele, wa chaki bapa ya kukatia nguo. Penseli ya seremala inaacha mstari mpana kama makali ya jembe. Pembeni ya cherehani, kwenye kijisahani, ile chaki ya buluu ilikuwa imelala na pini.

Dada alikiangalia kijiti. Alikiangalia muda mrefu.

"Hiki kimevunjika," alisema.

"Ndiyo."

"Kaka alisema boriti."

"Boriti ni nzima, binti yangu. Nimezishika zote. Hakuna hata moja aliyoikata fundi."

"Afande!" kaka alipiga kelele. "Nimeshakwambia ni mimi! Niandike mimi! Dada, usimsikilize, huyu mwanamke ni mchawi, ni mimi niliye—"

"Wewe hata kifungo cha shati nakushonea mimi," dada alisema, bila kumwangalia. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ya kumtania, na ndiyo iliyomvunja kaka. Alikaa chini palepale kizingitini akaficha uso kwenye magoti.

Dada akachukua kijiti. Akakipitisha kidole kwenye mstari wa buluu.

"Bodi ya dari haibebi mtu," alisema. Haikuwa swali. Alikuwa anajifunza.

"Haibebi. Ni ya kuning'inia juu tu. Na hata ingekuwa mbao, ilikuwa haina pa kulalia. Fundi alizilaza mbao zipite shimo huku na huku. Kama wewe unavyoacha akiba kwenye mshono."

"Nikakata bila akiba."

"Ukakata bila akiba."

"Kwa sababu akiba ndiyo ingemkwaza."

Katika miaka yake yote ya kazi Kobe alikuwa amejifunza maneno ya kumwambia mjane, ya kumwambia mwizi, hata ya kumwambia mtu aliyemchinja nduguye. Alilitafuta la huyu, hakulipata. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake.

"Alikuwa ananiita kila alfajiri," dada alisema. "Kabla ya kushuka. 'Umelala hapo au umekufa?' Ndio utani wake. Siku ile aliita, nikamsikia. Nikasema moyoni, ngoja nijilaze kidogo, leo hata akishuka hana cha kumkwaza."

"Dada," kaka alisema kutoka kizingitini. "Nilitaka usijue. Nilitaka tu usijue."

"Ukamweka mtu ndani."

"Ningemweka dunia nzima."

Hapo dada akageuka akamwangalia, na Kobe aliona uso wake ukimhurumia, ukimchukia, kisha ukishindwa kuendelea na lolote kati ya hayo mawili. Alisimama. Alizima taa ndogo ya cherehani. Alikunja kile alichokuwa anashona, gauni la mtu, akaliweka juu ya mengine, ncha kwa ncha.

"Huyu fundi anatoka leo?" aliuliza.

"Nikiandika maelezo yako, anatoka leo."

"Na mimi?"

"Hilo si langu kuamua. Nitaandika kama lilivyo. Hakimu ana mama pia."

"Usiandike kwamba nilimpenda," dada alisema. "Wataona ni kujitetea. Andika nilipima. Andika shimo nililipima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa sijajiamini."

Kobe alifungua kalamu. Meza ilikuwa imejaa mapande ya kitambaa, kwa hiyo dada akayasogeza kando kwa mkono, akamfunulia ubao mtupu wa kuandikia. Kaka hakuinuka kizingitini. Kobe aliandika mstari wa kwanza, akaukata, akauandika upya.

"Mama," dada alisema.

"Naam, mwanangu."

"Unaegemea hapo umesimama? Hilo goti litakuuma. Ngoja nikutafutie kiti."

Akaenda kukitafuta. Kobe alimsikia chumba cha pili akihamisha vitu, akihamisha vitu, kisha akilia hukohuko, na hakurudi.